Kipa Kijana Hahesabiwi kwa Magoli

Mabishano ya jioni hapa Kiwanja, Rutshuru, hayahitaji mwaliko. Kipa wa miaka kumi na tisa akifungwa goli la kizembe, mashabiki wamekwisha kugawanyika kabla hajauokota mpira wavuni. Huku wanasema, "Tumuache huyu mutoto, atakomaa." Kule wanajibu, "Atakomaa siku gani, na pointi zinaisha?" Motari wanaosubiri abiria kando ya barabara ya kwenda Kanyabayonga wanadakia, papa mmoja aliyecheza zamani anatoa hukumu yake, na Jumapili inayofuata maneno ni yaleyale. Goma nimeyasikia kwenye mechi za DC Virunga na za AS Dauphin Noir. Sina shaka Bukavu nako wanayasema wakitoka kumtazama Muungano.

Kazi yangu ni kufundisha makipa, kwa hiyo kila mara naulizwa niko upande gani. Siko upande wowote, na si kwa woga. Pande zote mbili zinabishania muda, ilhali muda peke yake haujawahi kumfundisha mtu kudaka krosi. Kipa aliyekaa benchi miaka miwili bila kucheza ni kipa yuleyule, ila umri umeongezeka. Ukitaka kujua kama kijana astahili kuvumiliwa, uliza amecheza mechi ngapi, dhidi ya nani, na kosa alilofanya jana ni la aina gani.

Nianze na makosa, maana hapo ndipo mashabiki wengi hupotea.

Kosa la mikono kila mtu huliona. Mpira umeteleza, umepita katikati ya miguu, hata mtoto aliyepanda mti kukwepa kiingilio ameshuhudia. Ndilo linalowatoa vijana wengi kikosini, na ndilo jepesi kurekebisha kuliko yote. Viwanja vyetu vingi ni vya udongo. Kiangazi huacha vumbi na vijiwe. Mvua huacha tope palepale golini, ambapo nyasi zilikufa zamani. Mpira hubadili njia ukiwa hatua moja tu mbele ya kipa. Kijana hufundishwa kuweka goti na kifua nyuma ya mikono, na baada ya miezi kadhaa ya kurudiarudia, mwili hufanya wenyewe. Nikimwona anafungwa namna hiyo mara moja au mbili sipotezi usingizi.

Kosa la mahali aliposimama ni gumu zaidi kwa sababu halionekani. Shuti limeingia kona ya juu, kipa ameruka vizuri, mashabiki wanasema hilo hakuna ambaye angelidaka. Mimi niliyesimama nyuma ya goli naona alikuwa amebaki hatua mbili upande usio wake tangu winga alipopokea mpira. Anayeruka sana mara nyingi ni yule aliyechelewa kusogea. Nyakati nyingine kosa silo lake hata kidogo. Hapa kwetu karibu na ikweta jua huzama upande uleule mwaka mzima, karibu saa kumi na mbili, na mechi za alasiri humkuta kipa kipindi cha pili akitazama mwanga moja kwa moja. Ekipi yenye akili huchagua goli kabla ya mechi ikimfikiria kipa wake mdogo. Nyingi huchagua kwa kuangalia upande waliokaa mashabiki wao.

Zito kuliko yote ni kosa la uamuzi, yaani kutoka au kubaki. Krosi inakuja, mshambuliaji anakimbia, beki anarudi kinyumenyume, na kipa ana nusu sekunde ya kuamua. Akitoka nusu njia amekwisha. Hili halifundishiki kwa maneno, na mazoezini halifundishiki vizuri, kwa sababu krosi za kocha haziji na viwiko wala kusukumwa. Kijana anahitaji kuona krosi mia za kweli, kutoka miguu tofauti, kabla jicho lake halijajua mpira upi ni wake. Kwa hiyo mimi namvumilia zaidi kipa anayetoka na kuukosa mpira kuliko anayeganda kwenye mstari wake. Wa kwanza anajifunza kazi. Wa pili anajificha ndani yake. Mashabiki hufanya kinyume: anayejificha wanamwita mtulivu, anayetoka wanamwita kichaa.

Halafu kuna sauti, na hili ni letu sisi. Kipa ndiye anayeona uwanja mzima, kwa hiyo lazima aamrishe. Lakini mbele yake amesimama beki wa miaka thelathini na mbili anayemwita yaya, yaani kaka mkubwa, pengine rafiki wa baba yake, mtu ambaye mtaani akipita kijana humsalimia kwanza na kuinamisha kichwa. Utamwambiaje yaya "Toka hapo!" mbele ya watu elfu? Nimewaona makipa wazuri wakifungwa kwa adabu. Walijua beki amelala, wakanyamaza. Dawa haiko kwa kijana. Iko kwa nahodha, ambaye inabidi aseme waziwazi mbele ya wote kwamba ndani ya mistari ile mkubwa ni mwenye glavu. Ekipi ambazo nahodha hajayasema hayo hazina haki ya kulalamika kwamba kipa wao "haongei".

Wanaofuata ligi ya Uingereza wanamkumbuka David de Gea. Manchester United ilimleta kutoka Atlético Madrid mwaka 2011 akiwa na miaka 20. Mwanzo wake ulikuwa mbaya: magoli ya mashuti ya mbali, kona zilizomtikisa, na msimu ukiendelea kocha Ferguson akawa anawapokezanisha nafasi yeye na Anders Lindegaard. Magazeti yalimzika. Waliomfundisha waliona jambo tofauti, kwamba macho na miguu yake ni ya kiwango cha juu, ila mwili bado ni wa mvulana na mabeki wa Kiingereza wanamsukuma kama pazia. Wakamjenga misuli. Msimu wa pili akawa bingwa wa Uingereza. Kilichomwokoa ni watu waliotambua kosa lake ni la aina gani, wakajua linatibika kwa chakula na chuma. Kijana wa Kiwanja anayekuja mazoezini hajala tangu asubuhi ana kosa lilelile la mwili, na hakuna anayelitaja. Mpeni maharagi na yai kabla hamjampa matusi.

Wakongomani tuna kumbukumbu yetu kuhusu kutokuvumilia, nayo ni chungu. Tarehe 18 Juni 1974, Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Zaire ilicheza na Yugoslavia Kombe la Dunia. Golini alikuwa Kazadi Mwamba, bingwa wa Afrika mara mbili na TP Englebert, 1967 na 1968, na bingwa wa mataifa ya Afrika mwaka huohuo wa 1974. Dakika ya ishirini hivi, matokeo yakiwa 3-0, alitolewa, na hakuwa ameumia. Akaingia Dimbi Tubilandu, kipa mfupi ambaye hakuwa amewahi kucheza Kombe la Dunia. Muda mfupi baadaye aliuokota mpira wavuni. Mechi iliisha 9-0.

Watu hubishana hadi leo ni nani aliyetoa amri ile, kocha Blagoje Vidinić au wakubwa waliokuwa nyuma yake. Mimi najishughulisha na Tubilandu. Kila anayetaka "kipa mwingine aingie" baada ya magoli matatu amfikirie yeye: hajapasha moto vya kutosha, hajasoma upepo wala mpira, mabeki mbele yake wamechanganyikiwa, na dunia nzima inamtazama. Ile ndiyo ikawa mechi yake ya kwanza na ya mwisho ya Kombe la Dunia. Siku nne baadaye Kazadi alirudi golini dhidi ya Brazil, wakafungwa matatu. Kumtoa hakukumponya yeye, na kulimharibia mwenzake jina.

Wakati mwingine husaidia kutazama mchezo mwingine kabisa. Familia nyingi za Rutshuru na Masisi zimehamishiwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi, na ndugu zao hupiga simu wakisimulia mpira wa kule, ule wa kubeba mkononi. Wana mchezaji mmoja anayeitwa kwotabeki. Karibu kila shambulio linaanzia mikononi mwake. Ana sekunde mbili tatu za kuamua amrushie nani, huku majitu yanamkimbilia kumwangusha. Akikosea, uwanja mzima unaona. Basi mabishano yetu ya kipa wao wanayo ya kwotabeki wa msimu wa kwanza, tena kwa pesa nyingi.

Wamejaribu njia mbili. Mwaka 1998 Indianapolis Colts walimpa Peyton Manning nafasi tangu mechi ya kwanza na hawakumtoa. Alirusha pasi 28 zilizonaswa na wapinzani, rekodi mbaya kwa mgeni, na ekipi ikashinda mechi 3 kati ya 16. Mwaka uliofuata ikashinda 13. Njia ya pili ni ya Green Bay, walikomweka Aaron Rodgers nyuma ya Brett Favre misimu mitatu kuanzia 2005, na ya Kansas City, ambako Patrick Mahomes alianza mechi moja tu mwaka 2017, ya mwisho wa msimu, kisha mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi. Hizo ni njia zinazopingana na zote zilifanikiwa. Walioanza mara moja waliachwa waanze. Waliosubiri walisubiri nyuma ya mtu wa kujifunza kwake, na kila siku ya wiki walikuwa mazoezini na makocha wanaolipwa kwa kazi hiyo moja. Njia ya tatu ndiyo inayoua, na ndiyo tunayoipenda: Jumapili hii anaanza, Jumapili ijayo benchi, baada ya wiki tatu anarudishwa kwa sababu mwingine naye amefungwa.

Ukitaka kuiona njia hiyo ya tatu ikifanya kazi kwenye klabu kubwa, tazama Dar es Salaam. Tangu Wakongomani wenzetu Mayele, Inonga, Baleke na Maxi Nzengeli wavuke ziwa, ligi ya Tanzania tunaifuata kana kwamba ni ya kwetu. Aprili 2023 kipa namba moja wa Simba, Aishi Manula, aliumia. Golini akajikuta Ally Salim, kijana ambaye mashabiki wengi hawakumjua. Tarehe 16 akacheza dabi dhidi ya Yanga, Simba ikashinda 2-0. Akafuatia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Wydad, ushindi wa 1-0 nyumbani, kufungwa 1-0 Casablanca, na kutolewa kwa penalti. Agosti mwaka huo, Tanga, mechi ya Ngao ya Jamii na Yanga iliamuliwa kwa penalti, naye akaokoa tatu.

Nani angetaka uthibitisho zaidi? Lakini Novemba 5, Manula aliporudi, ndiye aliyekuwa golini Simba ilipofungwa 5-1 na Yanga, na siku mbili baadaye kocha Robertinho akaondolewa. Klabu nayo ilitafuta makipa nje: ilikuwa imekwisha kumleta Ayoub Lakred kutoka Morocco, kisha ikamleta Moussa Camara wa Guinea mwaka 2024. Simlaumu Manula, kipa wa taifa lake kwa miaka mingi. Wala sisemi Ally Salim angezuia matano yale. Siku ile ulinzi mzima wa Simba ulikuwa umekatika. Ninachosema ni kwamba kijana yule hakuonekana kushuka kwa sababu ya makosa aliyoyarudia. Alikuwa wa dharura, na dharura ilikwisha. Sehemu kubwa ya soka letu hutumia vijana hivyo. Wanaitwa nyumba inapoungua, kisha wanaambiwa asante.

Na Leopards, timu yetu ya taifa? Lionel Mpasi hakuwa kijana alipotupa furaha Januari 2024. Alikuwa na miaka 29. Alipita chuo cha PSG, hakupata mlango, akashuka hadi madaraja ya chini ya Ufaransa na Rodez, akapanda nao hadi daraja la pili mwaka 2019. Misimu na misimu ya mechi zisizotazamwa na mtu. Kwenye kombe la Afrika Côte d'Ivoire alifungwa magoli mawili tu katika mechi tatu za makundi, ikiwemo 0-0 na Tanzania pale Korhogo. Kisha San Pedro, dhidi ya Misri, penalti zikafika hadi makipa wenyewe. Gabaski akagonga mwamba, Mpasi akafunga, 8-7. Kiwanja watu walitoka nje wakipiga sufuria. Kesho yake nilisikia mtu akisema Mpasi "ametokea ghafla". Kutoka Rodez hadi San Pedro hakuna ghafla yoyote.

Kwa hiyo narudia, zihesabiwe mechi. Na kwa upande wa mechi, kijana wa Rutshuru ameonewa kuliko wenzake wote niliowataja.

Mwishoni mwa Oktoba 2022 waasi wa M23 waliingia Kiwanja na Rutshuru; mwishoni mwa Januari 2025 wakaingia Goma. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, mabenki yakafungwa, na ekipi iliyokuwa ikiwazia kwenda kucheza Lubumbashi au Kinshasa ikaanza kuwazia kama itapata mafuta ya kufika mji wa jirani. Hata kabla ya hapo mambo hayakuwa mazuri: kalenda zilizokatika katikati, mechi zilizoahirishwa kwa sababu barabara si salama, vijana waliokimbia na wazazi wao na kurudi miezi baadaye wakiwa wamekonda. Februari 2024, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, wachezaji wa Leopards waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kwa ajili ya mashariki. Walikuwa wakiwasemea watu waliouawa. Mpira ni jambo dogo mbele ya hilo. Ila ndani ya jambo hilo dogo kuna kipa wa miaka kumi na tisa ambaye mwenzake wa Ulaya wa umri huo amekwisha kucheza mechi nyingi za vijana, na yeye amecheza chache, nyingine bila mwamuzi. Tukimpima kwa msimu mmoja tunampima kwa kitu ambacho hajawahi kupewa.

Juu ya hapo kuna suala la rais wa klabu. Kwetu ekipi inaishi kwa mfuko wa mtu mmoja, mfanyabiashara au mwanasiasa, na mtu huyo analipa kambi, basi, bahasha ya ushindi. Akikasirika Jumapili jioni, kocha hana kinga. Mashabiki hudhani uvumilivu ni wao kuutoa au kuunyima, kumbe wao wanapiga kelele tu na mwenye mamlaka anazisikiliza anapotaka. Kocha akiwa na busara, kabla msimu haujaanza huenda kwa rais na kumwambia, "Papa, huyu kijana atatufungisha magoli matatu manne ya aibu mwaka huu. Nataka uyajue leo." Wakubwa wengi wakiambiwa mapema huvumilia. Wakishtukizwa uwanjani, mbele ya wageni wao, hawavumilii.

Nisieleweke kwamba kila kijana aachwe milele. Yapo mambo ambayo nikiyaona naomba abadilishwe, hata kama ekipi inashinda. La kwanza ni kosa lilelile la uamuzi likijirudia baada ya kuelezwa na kufanyiwa mazoezi, mechi ya saba sawa na mechi ya pili. La pili ni kufungwa kisha kuzimia: akishaokota mpira haongei tena, hatoki tena, dakika zilizobaki anazihesabu tu. Huyo anateseka, na kumwacha pale ni ukatili unaojiita imani. Na yule anayekosea halafu anamwangalia beki wake kwa hasira namtoa haraka zaidi, bila kujali umri.

Lakini kumtoa kusiwe kumtupa. Ekipi za Rutshuru hazikosi watu wa kucheza kikosi cha pili. Zinakosa anayejali kukipangia mechi. Hakuhitajiki uwanja wa saruji wala vocha ya shirika lolote. Mechi ya vikosi vya pili inaweza kuchezwa Jumatano asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa mwamuzi mmoja na krosi za kweli zenye viwiko ndani yake. Kipa aliyefungwa goli la kizembe Jumapili acheze hapo dakika tisini zote, na nahodha wa kikosi cha kwanza awepo pembeni, amsikie kama leo anaongea.